"Binti yangu anataka kuwa Sara Gama": jibu kwa mama aliyeandika kutoka Brescia

*"Mimi ni mama wa watoto watatu, asili yangu ni Bukavu, naishi Brescia hapa Italia. Binti yangu wa pili ana miaka 14, amezaliwa hapa hapa, anacheza beki wa kati. Mpaka msimu uliopita alikuwa anacheza na wavulana, sasa amehamia timu ya wasichana. Ukutani kwake kuna picha moja tu, ya Sara Gama. Anasema baba yake Gama ni Mkongo kama sisi, Juventus ikamlea, ikampa uraia na utajiri, kwa hiyo na yeye hataki tena shule, anataka mpira peke yake. Baba yake amesema mpira wa wanawake hauna kitu, basi. Nyumba haikaliki. Tena kocha mpya anataka kumpeleka beki ya kulia kwa sababu ni mfupi, mtoto analia. Na goti moja linamuuma akishuka ngazi. Nimwambie nini?"*

Mama, pole kwa nyumba isiyokalika, na hongera kwa kuwa na mtoto anayejua anachokitaka akiwa na miaka 14. Barua yako imebeba mambo matano kwa mpigo: shule, pesa, kimo, uraia na goti. Nitayagusa yote, ila si kwa uzito sawa, maana moja limeshaamuliwa na sheria na jingine halitakiwi kusubiri.

Kwanza niseme kwamba binti yako amechagua vizuri mtu wa kumtazama. Nimefundisha mabeki wasichana kwa miaka mingi, na kati ya mabeki wa Ulaya wa kizazi chake, ni wachache ninaopenda wanafunzi wangu wawasome kama Sara Gama, nahodha wa zamani wa timu ya taifa ya Italia na wa Juventus. Ni kweli pia kwamba baba yake ni Mkongo, na sishangai kwamba hilo limemgusa mtoto wenu. Kasoro iko kwenye hadithi aliyosimuliwa. Picha ni ya kweli, maelezo yake ndiyo yamekosewa.

Juventus haikumlea Gama, na isingeweza kumlea. Klabu hiyo ilianzisha timu yake ya wanawake mwaka 2017. Gama alizaliwa Trieste tarehe 27 Machi 1989, kwa hiyo alipoivaa jezi ya Juventus kwa mara ya kwanza alikuwa na miaka 28, beki aliyekwisha kuiva, na akakabidhiwa kitambaa cha unahodha tangu mwanzo. Kabla ya hapo kulikuwa na safari ndefu ambayo haikupigwa picha nyingi. Alianza kama binti yako, msichana katikati ya wavulana, kwenye timu ya Zaule pembeni ya Trieste. Kisha akahamia timu ya wasichana ya San Marco, huko huko upande wa pwani. Mwaka 2006 akaingia Tavagnacco, na mwaka huo huo, akiwa na miaka 17, akaichezea timu ya taifa ya wakubwa kwa mara ya kwanza.

Hapo naomba umwite binti yako mkae pamoja na ramani. Tavagnacco ni mji mdogo unaopakana na Udine. Timu iliyofuata, Chiasiellis, aliyoichezea kuanzia 2009, ni ya kijiji kisicho mbali na Udine vilevile. Na Udine ndiko kwenye chuo kikuu ambako Gama alisoma shahada ya lugha na fasihi za kigeni. Mwaka 2008 alikuwa nahodha wa timu ya Italia ya vijana chini ya miaka 19 iliyotwaa ubingwa wa Ulaya kwa kuifunga Norway bao 1-0 kwenye fainali, kule Tours nchini Ufaransa. Msichana wa namna hiyo, leo hii, simu yake isingepumzika. Yeye aliendelea kucheza kwenye timu za mkoa wake wa Friuli, tukiacha kipindi cha kiangazi alichokwenda Marekani kuichezea Pali Blues ya Los Angeles. Alipohamia Brescia, mji wenu, ilikuwa 2012 na alikuwa na miaka 23. Mwaka uliofuata akaenda Paris Saint-Germain kwa misimu miwili, kisha akarudi Brescia. Huwezi kuupanga ukuta wa mabeki jijini Paris kwa Kiitaliano; zile lugha za darasani zikapata kazi uwanjani.

Kwa hiyo binti yako akikuambia anataka kufanya kama Gama, mwambie sawa, tufanye kama Gama kwa mpangilio wake: timu ya karibu na nyumbani, shule mpaka mwisho, halafu safari. Hilo ndilo ningependa mlishike kuliko yote niliyoandika hapa. Watoto wengi wanaiga sura ya mwisho ya maisha ya mchezaji bila kupita sura za kati, na beki asiyepita sura za kati haivi.

Kuhusu kuacha shule sasa, hakuna mjadala. Sheria ya Italia inamtaka mtoto awe shuleni mpaka atimize miaka 16, na baada ya hapo bado ana haki na wajibu wa mafunzo ya aina fulani mpaka 18. Hakuna klabu ya maana itakayomsaidia kuikwepa. Kinachoweza kufanyika ni kuipunguzia shule na mpira kugongana. Wizara ya Elimu ina mpango wa wanafunzi wanamichezo wa kiwango cha juu, ambao walimu humpangia mtoto ratiba ya mitihani na masomo inayozingatia mazoezi na safari za mechi. Una vigezo vyake, na huenda bado hajavifikia, lakini zungumza na mwalimu anayesimamia darasa lake mapema, kabla alama hazijashuka. Mwalimu akiambiwa mapema husaidia. Akiambiwa baada ya kufeli huona anadanganywa.

Sasa pesa, na hapa nasema na mzee wake pia, maana hoja yake haikutoka hewani. Nchini Italia ni sheria namba 91 ya mwaka 1981 iliyoweka nani ni mwanamichezo wa kulipwa, lakini iliacha kila shirikisho liamue lenyewe ligi gani iitwe hivyo. Shirikisho la soka likaziita za wanaume, za wanawake halikuziita. Hii maana yake ni kwamba mwanamke anayecheza Serie A, yaani ligi kuu, anayefanya mazoezi kila siku na kuvaa jezi ya taifa, kisheria alikuwa mtu wa ridhaa. Alicholipwa kilihesabiwa kama marejesho ya gharama, na kilikuwa na dari: yuro 30,658 kwa mwaka kabla ya kodi. Hakukuwa na mkataba wa ajira wala akiba ya uzeeni. Ukiumia au ukipata mimba, kwa kiasi kikubwa ulitegemea huruma ya klabu. Gama alicheza sehemu kubwa ya maisha yake ya mpira katika hali hiyo. Hata ubingwa na Kombe la Italia aliotwaa na Brescia mwaka 2016, hata usiku wa tarehe 24 Machi 2019 ambapo watu 39,027 waliingia Allianz Stadium mjini Torino kuitazama Juventus ikiifunga Fiorentina 1-0, wote uwanjani kwa upande wa sheria walikuwa watu wa ridhaa. Ukimsikia mtu anasema Juventus ilimtajirisha, mwonyeshe tarakimu hizo.

Mambo yalibadilika tarehe 1 Julai 2022, Serie A ya wanawake ilipoingia rasmi kwenye soka la kulipwa. Na hayakubadilika yenyewe. Kombe la Dunia la 2019 lilisukuma sana, maana Italia ilirudi huko baada ya miaka 20, Gama akiwa nahodha, ikafika robo fainali, na mechi dhidi ya Brazil ilitazamwa na zaidi ya watu milioni 6 nchini. Lakini shangwe hupoa. Kilichobaki baada ya shangwe ni watu wa kukaa mezani kudai, kusoma rasimu, kurudi tena wiki inayofuata. Gama alikuwa mmoja wao. Mwaka 2020 alichaguliwa makamu wa rais wa chama cha wachezaji wa Italia, na aliingia pia katika baraza la shirikisho. Mkataba ambao binti yako anaweza kuusaini siku moja umepiganiwa na wanawake waliokuwa na uwezo wa kusoma mkataba. Mimi nikizungumza na wasichana wanaotaka kuacha shule, hapo ndipo ninapokaa muda mrefu.

Je, sasa pesa ipo? Ipo, kwa wachache. Soka la kulipwa lilipoanza Serie A ilikuwa na timu 10. Siku hizi ni 12. Serie B, ligi ya daraja la pili, bado ni ya ridhaa. Kima cha chini kilichowekwa mwanzoni kwa mchezaji aliyefika miaka 24 kilikuwa zaidi kidogo ya yuro 26,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Huo ni mshahara wa mtu anayejitegemea, siyo wa kujenga majumba. Na kazi yenyewe ni fupi. Gama alitundika daluga mwaka 2025 akiwa na miaka 36, na huyo ni mfano wa waliodumu sana. Wengi wanaishia mapema zaidi, kwa majeraha au kwa kuchoka kusubiri. Kwa hiyo baba akisema "hauna kitu" amechelewa miaka michache, na binti akisema "utajiri" ametangulia labda miaka mingi. Ukweli uko kati yao, na ukweli huo unahitaji cheti cha shule.

Tuje uwanjani, kwenye kilio cha beki ya kulia. Mama, kocha hajamtusi. Gama mwenyewe si mrefu kwa beki wa kati, na amecheza pande zote mbili, kulia na katikati. Beki wa pembeni hujifunza mambo ambayo mabeki wa kati, namba 4 na namba 5, huchelewa kuyajua: kumkabili winga peke yake bila mtu nyuma, kukimbia akiwa anarudi langoni kwake huku akiangalia mpira, kupiga pasi ya kwanza akiwa amebanwa na mstari. Msichana anayekaa msimu mmoja au miwili pembeni akirudi katikati huwa amekomaa. Mwaka wa 14 kwenda 15 ndio wa kuzunguka nafasi.

Lakini sitakudanganya kwamba kimo si kitu. Robo fainali ile ya 2019, tarehe 29 Juni mjini Valenciennes, Uholanzi iliitoa Italia 2-0, na mabao yote mawili yalikuwa ya vichwa kutokana na mipira ya adhabu iliyopigwa na Sherida Spitse: kwanza Vivianne Miedema, kisha Stefanie van der Gragt. Italia ilikuwa imejilinda zaidi ya saa nzima, na hewani ndiko ilikovunjikia. Beki mfupi hulipa deni la kimo kila mpira wa kutenga. Analilipaje? Kwa kuanza mapema. Anamgusa mshambuliaji kwa bega kabla mpira haujapigwa, ili asimwachie nafasi ya kukimbia na kuruka. Mtu mrefu asiyekimbia hupoteza nusu ya urefu wake. Anasimama kiubavu, siyo kifua mbele, ili aone mpira na mtu kwa wakati mmoja. Na anageuza shingo. Nikitazama beki wa miaka 14 siangalii miguu kwanza, naangalia ametazama nyuma yake mara ngapi kabla mpira haujafika upande wake. Wengi hawatazami hata mara moja. Hili halihitaji sentimita, linahitaji tabia, na tabia hiyo hujengwa polepole kwa mamia ya mechi. Ndiyo maana mabeki huiva wakati washambuliaji wenzao wameshaimbwa.

Kuna mechi ningependa aitazame yote, siyo vipande vya dakika tatu. Ni ile ya Italia na Australia, tarehe 9 Juni 2019, hapo hapo Valenciennes, mechi ya kwanza ya Italia katika Kombe la Dunia baada ya miaka 20. Dakika ya 22 Gama, nahodha, anamwangusha Sam Kerr, mshambuliaji wa Australia, ndani ya boksi. Penalti. Kipa Laura Giuliani anaipangua, Kerr anaumalizia mpira uliorudi. Bao. Hapo mwambie binti yako aache kuangalia mpira kwa dakika kumi, amwangalie namba 3 wa Italia tu. Ana zaidi ya saa nzima mbele yake, na anakabana na mmoja wa washambuliaji hatari kuliko wote duniani, akijua bao lile limepitia kwake. Aone anavyoendelea kupanga wenzake, anavyosogeza mstari, anavyoingia kwenye pambano linalofuata bila kusita. Italia ilishinda 2-1, Barbara Bonansea akifunga yote mawili, la pili katika dakika za nyongeza. Magazeti yalimwandika Bonansea, na ilikuwa haki. Mimi kama mwalimu wa mabeki nafundisha kwa zile dakika kumi.

Na asidhani nahodha habadilishwi. Kombe la Dunia la 2023, Gama akiwa na miaka 34, kocha wake wa siku nyingi Milena Bertolini hakumwita. Italia ikatolewa kwenye makundi, mechi ya mwisho ikifungwa 3-2 na Afrika Kusini. Kocha mpya, Andrea Soncin, akamrudisha, na Februari 2024 akaagwa na timu ya taifa katika mechi dhidi ya Ireland huko Florence, akiwa amefikisha mechi 140. Kuachwa na kocha ni sehemu ya kazi. Kuhamishwa kwenda beki ya kulia ukiwa na miaka 14 ni jambo dogo mno mbele yake, japo najua kwake leo ni kubwa, na usimcheke.

Uraia nitaupita haraka kwa kuwa jibu lake haliko kwenye mpira. Mama yake Gama ni Mwitaliano, kwa hiyo Gama ni raia tangu kuzaliwa. Hakuna klabu iliyompa. Kwa binti yako, sheria namba 91 ya mwaka 1992 (namba ile ile na ile ya soka la kulipwa, watu huzichanganya) inasema mtoto wa wazazi wageni aliyezaliwa Italia na kuishi hapo mfululizo anaweza kuudai uraia akitimiza miaka 18, ndani ya mwaka mmoja. Mzazi akiupata kabla ya hapo, mtoto anayeishi naye anaweza kuupata kupitia kwake. Kusajiliwa na klabu si tatizo: tangu 2016 watoto wageni wanaoishi Italia kihalali tangu kabla ya miaka 10 husajiliwa na mashirikisho kwa utaratibu ule ule wa Waitaliano. Timu ya taifa ndiyo inayohitaji pasipoti. Nendeni ofisi ya patronato (ile inayosaidia watu na nyaraka zao) au manispaa mkiwa na vyeti vya makazi mkononi, na mhakikishe hakuna mwaka wenye pengo katika usajili wake wa makazi. Pengo la miezi michache huja kusumbua akiwa na miaka 18.

Nimeliacha goti mwisho, lakini ndilo la kuanza nalo wiki hii. Maumivu ya mbele ya goti anaposhuka ngazi ni ya kawaida kwa wasichana wa umri wake wanaocheza sana. Mifupa imekua haraka, misuli ya paja na nyonga haijafuata, kifuniko cha goti kinabeba mzigo kisivyo. Mara nyingi hutulia kwa kupunguza mazoezi na kuimarisha nyonga na paja. Lakini mara nyingi si siku zote. Wasichana huchanika kano kubwa ya ndani ya goti kwa kiwango cha juu kuliko wavulana, hasa wakati wa kubalehe, na hutokea zaidi anapotua au kugeuka ghafla huku goti likiangukia ndani. Mwambie aruke na kutua mbele yako, pole pole, iwapo haumii. Ukiona magoti yanakutana kama yanataka kubusiana, mwambie kocha. Muulize pia kama timu inafanya yale mazoezi ya kupasha mwili yaliyoandaliwa na FIFA kwa kuzuia majeraha, ya dakika kama 20, angalau mara mbili kwa wiki. Kama hawafanyi, omba kwa heshima yaanze. Mzazi ana haki ya kuliomba hilo.

Mpeleke kwa daktari wake wa watoto au wa familia, naye atawaelekeza kwa mtaalamu wa michezo ikibidi. Kile cheti cha afya cha kila mwaka anachohitaji ili acheze mashindano hakitoshi, kwa sababu huangalia zaidi moyo na mapafu. Usisubiri miadi, nenda haraka, ukiona goti limevimba, linakwama asiweze kulinyoosha, linamponyoka akitembea, linamuuma usiku akiwa amelala, au anachechemea. Na kama alisikia kitu kikilia "paa" ndani ya goti siku yalipoanza maumivu, mweleze daktari hilo kabla ya jambo lolote. Mpaka aonwe, asiruke na asikimbie kwa kasi, hata kama Jumapili kuna mechi na kocha anamhitaji.